Uvimbe kinenani kwa mtoto wa kike: jua kilichomo kabla ya kupasua

Mama mmoja aliingia chumba changu cha matibabu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, binti yake wa miezi minne akiwa mgongoni ndani ya kitenge. Kabla hajakaa akasema, "Munganga, mutoto anavimba hapa," akaonyesha kinena cha kulia. Kwenye duka la dawa walimpa antibiotiki ya maji kwa siku kumi, kisha wakamwambia jipu limekataa kuiva, arudi Jumatatu lipasuliwe. Niliposhika nilikuta kidude kama punje ya harage, kigumu kiasi, kinateleza chini ya kidole. Hakikuwa na joto. Mtoto alikuwa ananitazama tu, ananyonya kidole chake. Lile halikuwa jipu. Ilikuwa ovari yake (kiungo kinachotunza mayai ya uzazi), imeshuka ndani ya ngiri, na wembe wa Jumatatu ungeikata.

Naandika kwa wazazi, na kwa wenzangu wa vituo vya afya vya daraja la pili na la tatu, ambako hakuna ultrasaundi wala daktari wa upasuaji. Ombi langu ni moja: kinena cha mtoto wa kike kisichomwe sindano, kisichanjwe na kisipasuliwe mpaka ijulikane kilichomo.

Kwa nini wasichana hukosewa

Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, utando wa ndani ya tumbo hutoa kifuko chembamba kinachopenya mfereji wa kinena. Kwa mvulana, korodani hufuata njia hiyo kushuka. Kwa msichana, kifuko hufuata kano inayoshikilia mji wa mimba na kuishia kwenye shavu la uke. Mholanzi Anton Nuck alikieleza mwaka 1691, na hadi leo huitwa mfereji wa Nuck. Kwa kawaida hujifunga chenyewe. Kisipojifunga, mlango unabaki wazi: utumbo unaweza kutoka, ovari inaweza kutoka, au maji yanajikusanya humo.

Ngiri hii huwapata wavulana mara nyingi zaidi, ndiyo maana watu wengi, hata wahudumu, wanaamini kwamba ngiri ni ugonjwa wa kiume. Msichana akivimba kinenani, neno la kwanza kinywani mwa kila mtu ni mtoki, yaani tezi iliyovimba. Na kweli mtoki ndio wa kawaida. Tatizo ni pale neno linapotangulia mkono.

Kabla ya kugusa

Anza na anayemwogesha mtoto, awe mama, bibi au dada mkubwa. Muulize: uliona lini mara ya kwanza? Asubuhi na jioni ukubwa ni uleule? Ukimbeba akiwa amelala, upo? Jibu la swali hilo la mwisho limenisaidia kuliko vipimo vingi.

Mtoto asikaguliwe bila mama yake au muuguzi wa kike kuwepo. Mfunike, funua sehemu unayohitaji tu. Binti aliyekua kidogo umwombe ruhusa mwenyewe, si mama yake peke yake. Na wazazi, msipige picha ya simu sehemu hizo ili mzitume kwa mtu. Uvimbe ukitoka, uwekeeni alama ya kalamu kwenye ngozi, kisha mje hata kama umesharudi ndani. Alama hiyo inatosha.

Kisha tafuta mstari. Shika ncha ya mfupa wa nyonga iliyo mbele, halafu kifundo kidogo cha mfupa wa kinena karibu na katikati. Mstari unaounganisha hivyo viwili ndio mpaka. Uvimbe ulio juu yake, unaoelekea kwenye shavu la uke, ni wa mfereji: fikiria ngiri, ovari au maji. Ulio chini yake, kwenye mkunjo wa paja, mara nyingi ni tezi. Upo mtego mmoja: ngiri ya paja nayo hutokea chini ya mstari. Kwa watoto ni nadra sana, lakini uvimbe laini wa chini unaoongezeka mtoto akikohoa usiuite mtoki.

Uvimbe unatoka akilia, unarudi akilala

Hii ni ngiri mpaka ithibitishwe vinginevyo. Upande wa kulia huathirika zaidi, na waliozaliwa kabla ya muda wao wako kwenye hatari kubwa. Ukiwa na mtoto mchanga, subiri alie. Mkubwa mwambie apulize puto au arukeruke. Usipouona kabisa, viringisha kidole chako taratibu juu ya kile kifundo cha mfupa wa kinena, kisha fanya hivyo upande wa pili ulinganishe. Upande wenye kifuko unasikika kama vitambaa viwili vya hariri vinavyosuguana. Inahitaji mazoezi, na usipoisikia haina maana kwamba ngiri haipo. Mama akiniambia kwamba ameuona mara tatu, naandika ngiri.

Tiba ni upasuaji, hakuna nyingine. Daktari hufunga mdomo wa kifuko na kukikata; mtoto hawekewi wavu kama mtu mzima. Mtoto mwenye afya njema mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Usisubiri afikishe miaka mitano. Hatari ya utumbo kunaswa ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha, kwa hiyo kadiri alivyo mdogo ndivyo unavyoharakisha.

Hapa majirani hutoa ushauri unaochelewesha watoto wengi: "Itajifunga yenyewe, wa dada yangu ilijifunga." Ya mtoto wa dada yake ilikuwa ngiri ya kitovu, na hiyo kweli wengi hupona wenyewe kabla ya umri wa kwenda shule. Ya kinena haijifungi. Sarafu iliyofungwa kwa kitambaa haisaidii, na mkanda unaweza kubana ovari iliyo chini yake.

Punje ngumu isiyouma na haiingii

Huyu ndiye binti wa Nakivale, na hapa ndipo nataka msomaji atue.

Kwa watoto wachanga wa kike wenye ngiri ya kinena, karibu 15 hadi 20 katika kila 100 huwa na ovari au mrija wa uzazi ndani ya kifuko. Punje ni ndogo, kama harage au punje ya lozi, inasogea, mtoto hasumbuki. Ananyonya, anacheka, anapata choo. Kwa sababu hasumbuki, mtu huona hakuna haraka, au huona ni mtoki, au hufanya kosa kubwa zaidi: anasukuma.

Usisukume. Utumbo una hewa na maji, ukiuminya taratibu unaweza kuteleza kurudi. Ovari ni nyama, ukiilazimisha unaiponda. Tena imening'inia kwenye kikonyo chembamba, na ikijizungusha juu ya kikonyo hicho damu hukatika. Ovari iliyojinyonga hugeuka nyeusi na kufa, na mtoto wa miezi minne hana maneno ya kukueleza kwamba maumivu yamebadilika.

Cha kufanya: kama hauumi na ngozi ni ya kawaida, piga simu hospitali ya rufaa leo, mtoto aonwe na daktari wa upasuaji ndani ya siku chache, si miezi. Ultrasaundi ikipatikana itaonyesha ovari yenye vifuko vidogo vya mayai ndani, lakini kukosa ultrasaundi kusiwe sababu ya kukaa. Kama ngozi imekuwa nyekundu, punje imevimba ghafla, ukigusa analia, au amekataa kunyonya, hiyo ni ya saa hizihizi. Boda boda ikipatikana usiku, panda usiku.

Mama yule alisafiri hadi Mbarara. Siku ya tatu binti alifanyiwa upasuaji, ovari ikakutwa ina rangi yake nzuri na ikarudishwa mahali pake. Walipokuja kwangu kukaguliwa, kovu lilikuwa refu kama kucha ya kidole gumba changu, limejificha ndani ya mkunjo wa ngozi.

Uvimbe mgumu, mtoto analia, anatapika

Utumbo umenaswa. Tumbo linajaa, matapishi yanageuka rangi ya kijani, choo kinasimama. Usimpe chochote mdomoni. Weka dripu, pitisha mpira wa puani hadi tumboni kama unao, mpe dawa ya maumivu, mwondoe.

Je, ajaribu mtu kuurudisha? Mwenye ujuzi anaweza, mtoto akiwa ametulizwa, miguu imeinuliwa kidogo, kwa kuminya polepole na bila pupa, kama hana dalili za sumu mwilini na ngozi juu ya uvimbe haijabadilika rangi. Ukirudi, mtoto bado analazwa na kupasuliwa baada ya siku mbili hivi uvimbe wa nyama ukishuka, hatumwi nyumbani. Ukiwa na shaka kwamba kilichonaswa ni ovari, acha mikono, peleka.

Uvimbe laini, hauumi, hauingii

Yanaweza kuwa maji katika mfereji wa Nuck, yaani jambo lilelile ambalo kwa mvulana tungeliita busha. Zima taa, weka tochi ya simu upande mmoja: uvimbe unawaka mwekundu wote. Lakini utumbo wa mtoto mchanga nao hupitisha mwanga, kwa hiyo tochi peke yake isikupe ujasiri wa kuchoma sindano ili uyavute. Nimemwona mtoto aliyechomwa hivyo, kwingine si kwetu, sindano ikaingia utumboni. Alipona baada ya wiki tatu hospitalini. Tiba ni kuondoa kifuko na kufunga mdomo wake kwa upasuaji, na hakuna dharura.

Vimo pia vifuko vya mishipa ya limfu, uvimbe wa mafuta na alama za damu za kuzaliwa. Hivyo vina muda. Mpeleke mtoto apimwe kwa utaratibu.

Punje pande zote mbili

Msichana mwenye ngiri pande zote mbili, na kila upande una punje, anahitaji mtu wa kufikiri kabla ya kushika kisu. Kati ya wasichana wenye ngiri ya kinena, takriban 1 hadi 2 katika 100 wana hali ambayo mwili hausikii homoni za kiume. Kromosomu zao ni XY, kama za mvulana, kilicho kinenani ni korodani, mji wa mimba haupo. Kwa nje ni msichana kamili, na amelelewa kama msichana.

Ukiona hivyo, omba ultrasaundi ya tumbo la chini kutafuta mji wa mimba, na umwandikie daktari wa upasuaji shaka yako waziwazi. Akikuta korodani wakati wa upasuaji, hatakiwi kuikata papo hapo. Hufunga ngiri, huirudisha ndani, huchukua kipande kidogo cha kupima, kisha huzungumza na wazazi. Kabla ya balehe hatari ya saratani ni ndogo, na homoni za korodani hiyo hiyo, zinazobadilishwa mwilini kuwa za kike, ndizo zitakazomwotesha matiti. Uamuzi wa kuiondoa kwa kawaida husubiri hadi abalehe, na yeye mwenyewe ashiriki.

Namna ya kuwaambia wazazi nayo ni sehemu ya tiba. Chumba kifungwe. Baba na mama pamoja, si shangazi wote wa ukoo, si wodi nzima. Waambieni kwamba binti yao ni binti yao. Kwamba hatapata hedhi wala kubeba mimba, na kwamba hakuna aliyemroga wala kosa la mama wakati wa ujauzito. Nimeona familia ikihama kijiji kwa sababu mhudumu mmoja alisimulia habari hii kisimani. Sisi tuliovaa koti jeupe ndio tuliowahamisha.

Uvimbe chini ya mstari, pajani: mtoki

Mtoki ni tezi iliyovimba kwa sababu ya jambo lililo mbali nayo. Kwa hiyo ukiona mtoki, vua viatu vya mtoto. Angalia katikati ya vidole, chini ya kucha, kisigino: tekenya hukaa humo, na wakichokonolewa na pini chafu bakteria huingia. Panda juu: vidonda vya goti, upele, mapajani palipochomwa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, matako, sehemu ya haja. Ukipata kidonda, kisafishe na ukitibu. Mtoki wenyewe utapungua kwa wiki chache. Tezi ndogo zisizofika sentimita moja na nusu ni kitu cha kawaida kwa mtoto anayecheza peku. Ikiwa ina joto na inauma, antibiotiki kama klokisasilini. Ikilainika katikati, imekuwa jipu kweli, na hapo tu ndipo kupasua kuna nafasi, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna ngiri.

Ukikuta vidonda sehemu za siri au usaha kwa mtoto, usimgombeze mama mbele ya watu na usimhoji mtoto mara tano. Huenda kuna mtu anayemuumiza. Muuguzi wa kike akae naye kwa utulivu, apimwe, atibiwe, na simu ipigwe Sauti 116, namba ya bure ya kulinda watoto Uganda.

Mtoki uliokuja kwa saa chache, pamoja na homa kali

Nilifanya kazi Arua kabla ya kuja huku, na kule nilijifunza swali jingine: "Panya wanakufa nyumbani kwenu?" Magharibi ya Nile, hasa maeneo ya Arua na Zombo, tauni bado ipo. Kiroboto akiacha panya aliyekufa anamuuma mtoto mguuni, na baada ya siku 1 hadi 7 hutokea homa ya ghafla, baridi, na mtoki unaouma kiasi kwamba mtoto hataki hata shuka liuguse. Anakunja mguu na hataki kutembea.

Antibiotiki za jamii ya penisilini hazitibu tauni. Hilo ndilo linaloua, kwa sababu ndizo zinazouzwa kwenye kila duka. Dawa ni jentamaisini, siprofloksasini au doksisaiklini, na zianze siku hiyohiyo bila kungoja maabara. Tauni ya mitoki isiyotibiwa huua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100. Ikiwahiwa, wengi hupona. Mtoki huo usipasuliwe. Majimaji kidogo yavutwe na aliyefundishwa, mwenye glavu na barakoa, na taarifa ifike ofisi ya afya ya wilaya siku ileile. Taasisi ya Uganda ya Utafiti wa Virusi ina maabara ya tauni Arua. Mgonjwa akikohoa damu, mtenge mara moja, maana sasa imeingia mapafuni.

Uvimbe usio na joto, na mtoto anachechemea

Mvue nguo ya juu, pitisha kidole kwenye uti wa mgongo kuanzia shingoni. Ukikuta pingili moja imetokeza kama kifundo, usaha wa kifua kikuu cha uti wa mgongo umeteremka kwenye msuli wa kiunoni hadi kinenani. Kinena ndicho mlango wa kutokea tu. Ukipasua pale, tundu linaweza kubaki likichuruzika kwa miezi. Usaha uvutwe kwa sindano kupitia ngozi nzima iliyo pembeni, upelekwe kwenye mashine ya GeneXpert inayotambua kifua kikuu, na mtoto aanze dawa: nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 10. Kifua kikuu cha tezi peke yake hutibiwa kwa muda mfupi zaidi.

Kama mguu umekunjwa na homa ni kali, bila historia ya wiki nyingi, ni usaha wa kawaida ndani ya msuli. Huo ni wa hospitali leo.

Uvimbe unaokua kila siku

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda, na saratani hiyo ikachukua jina lake. Hupenda taya na tumbo; kwa wasichana hushika pia ovari. Kinenani ni nadra, lakini ni saratani inayoweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo tezi iliyokuwa kama njugu Jumapili na kama limau Jumamosi isipewe wiki nyingine ya antibiotiki. Angalia meno yanayolegea, jicho linalotokeza, tumbo. Usimpe prednisoloni "kupunguza uvimbe" kabla ya kipande kupimwa, maana inaficha ugonjwa. Tiba ni dawa za dripu, si kisu, na wengi hupona. Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya ugonjwa huuhuu.

Tezi ngumu zilizoshikamana, zaidi ya sentimita 2, zilizokaa zaidi ya wiki nne hadi sita, au zinazoambatana na kukonda na jasho la usiku, zipimwe. Kila mtoto wa namna hii apimwe VVU pia: saratani ya Kaposi kwa watoto wa huku wakati mwingine huanzia kwenye tezi bila doa lolote kwenye ngozi.

Barua ya rufaa

Andika juu au chini ya mstari. Andika upande, ukubwa kwa sentimita, unaingia au hauingii, unauma au hauumi, mtoto amekula saa ngapi mara ya mwisho, na dawa alizokwisha kupewa kwa majina. Usiandike "uvimbe kinenani" ukatia sahihi. Ukishuku ovari, andika "OVARI, USISUKUME" kwa herufi kubwa, kwa sababu mtoto atapita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia daktari wa upasuaji. Mbarara na Mulago wapo madaktari wa upasuaji wa watoto. Na hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2021, hutibu bila malipo. Kisha mpe mama nauli hata kama ni mchango wa wafanyakazi, na umwombe namba ya simu ya jirani mwenye chaji.